Manyoya ya Sajenti

Unyoya wa kwanza Bi Pasi aliukuta kwenye chai. Akautoa kwa ncha ya kidole, akanywa. Wa pili aliukuta umejibandika kwenye kipande cha sabuni, akaubandua, akanyamaza. Lakini ule uliolala katikati ya kitambaa cheupe cha meza, kitambaa alichokifua, akakitia wanga, akakianika na kukipiga pasi mpaka kikawa karibu kusimama chenyewe, ule ulimpandisha damu kichwani.

"Afande!" aliita kwa sauti iliyovuka ukuta wa jirani. "Njoo uone Sajenti wako alichonifanyia!"

Kutoka uani ulisikika mkia tu ukipiga sakafu ya saruji, pa, pa, pa, mkia wa mbwa aliyesikia jina lake na kudhani anaitiwa jambo la heri.

Bi Pasi alikuwa dobi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaa mzima ulimjua kwa hili la pili, na mtaa ulikuwa na sababu zake. Hakuna mkunjo wa suruali uliowahi kumshinda. Tena alishika moto upesi na kupoa polepole, na aliyemgusa kabla hajapoa alijijua mwenyewe.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua. Chumba cha mbele ndicho kilichowalisha: meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, rafu za mbao zilizopangwa mafurushi, feni iliyogeuza shingo huku na huku kama mzee asiyeamini anachokiona, na harufu ya nguo moto ambayo Bi Pasi hakuisikia tena, maana alikuwa ameishi ndani yake miaka mingi. Ua ulikuwa na bomba, makarai, na kamba za kuanikia zilizotoka ukuta hadi ukuta. Ukitaka kwenda chooni siku ya shuka, ulipita umeinama kama mwizi.

Na sasa, juu ya vyote hivyo, manyoya.

Majira yalipogeuka na joto kuanza kurudi, Sajenti alivua koti lake la ndani. Alikuwa mbwa mkubwa wa masikio yaliyosimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya mchanga, wa kizazi cha nchi za baridi, aliyevaa matabaka mawili ya manyoya mahali ambapo hata tabaka moja lilikuwa anasa. Ya ndani yalitoka kwa mafungu, laini kama pamba. Yaliviringika chini ya meza, yakapanda na upepo wa feni, yakatua juu ya mashati ya watu. Ukifagia pembe hii, ukigeuka unakuta kwenye pembe ile kama mbwa mwingine amezaliwa.

Lazima isemwe mbwa huyu alitoka wapi, maana hasira ya Bi Pasi haikuanzia kwenye manyoya.

Mume wake, huyo Afande, alikuwa mlinzi. Alilinda maghala ya watu wenye mali usiku wote wa ujana wake na sehemu kubwa ya utu uzima wake, na katika miaka ya mwisho kampuni ya ulinzi ilimpa Sajenti awe mwenzake. Wawili hao walizunguka kuta zile mvua ikinyesha na wenye mali wamelala. Usiku mmoja Afande alimfukuza mtu aliyeruka ukuta, naye akaruka, akaangukia goti. Goti halikurudi kuwa goti tena. Kampuni ilimwita ofisini, ikampa mkono, ikampa cheti kwenye fremu, ikamwonyesha mlango. Wiki hiyohiyo mkuu wa zamu alimtazama Sajenti, akasema macho yake yameanza ukungu, huyu amechakaa, achomwe sindano ya mwisho. Alisema hivyo kama mtu anayezungumzia tairi.

Wakubwa wote walikuwa hivyo. Walimtaka mbwa usiku mwizi akija, wakalitaka goti la mtu likiwa zima. Mbwa akizeeka, goti likivunjika, ghafla hakuna anayekumbuka nani alilala na nani alikesha.

Afande hakubishana. Alikwenda bandani, akafunga kamba kwenye shingo ya Sajenti, akatoka naye kwa lango kuu mchana kweupe, akichechemea. Hakuna aliyemzuia. Cheti alikisahau kwenye kiti cha ofisi, na hakurudi kukichukua.

Tangu siku hiyo aliacha kusema. Si kwamba alinuna. Ukimsalimu alikujibu, ukimpa chakula alishukuru. Lakini ile sauti yake nene, iliyowahi kumsimamisha mwizi juu ya ukuta, iliisha kama maji kwenye bomba. Watoto wao, waliokwisha kuwa na nyumba zao, walipiga simu wakapewa "ndiyo" na "hapana". Aliyezungumza naye alikuwa Sajenti peke yake. Bi Pasi, akisuuza nguo, alimsikia nyuma ya mlango akimwambia mbwa kwa sauti ya chini, "Unaukumbuka usiku ule wa lori?" Naye alisimama na nguo inayochuruzika mikononi ili asikie zaidi. Hakusikia.

Hivyo kila aliposema, "Mbwa huyu atatoka humu ndani," alijua anasema uongo. Mbwa akitoka, mwanaume yule atabaki kuzungumza na nani? Hakumwambia mtu yeyote hofu hiyo. Aliikunja akaiweka chini kabisa ya mafurushi, na juu yake akapanga hasira.

*

Kazi kubwa ya Bi Pasi ilitoka hotelini, ile ya ghorofa iliyo upande wa pili wa barabara kuu. Vitambaa vya meza, makoti ya wahudumu, mashuka. Kwa kawaida dereva ndiye aliyeleta na kuchukua. Siku hiyo alikuja meneja mwenyewe, kijana mwenye viatu vinavyong'aa na hasira ya kuazima kwa mkubwa wake, amebeba koti jeupe kwa vidole viwili.

"Mama, hii ni nini?"

"Koti la mhudumu."

"Hapa begani."

"Unyoya."

"Wa nani?"

"Wa mbwa. Ungekuwa wangu ungekuwa na mvi."

Kinyozi wa mlango wa pili, aliyekuwa amesimama nje akipunga upepo kwa gazeti, alicheka mpaka akakohoa. Meneja hakucheka.

"Mgeni ameutoa mwingine kwenye supu. Kwenye supu, mama! Jumamosi tuna harusi, ukumbi mzima, kila meza nyeupe. Nikiona unyoya mmoja, kazi yote inahamia kwa wale wenye mashine. Kule hakuna mbwa."

"Kule hakuna mtu pia. Nani alikutolea doa la divai kwenye lile gauni la mgeni wako?"

"Sijaja kubishana."

"Unataka nitoe manyoya au nitoe mbwa?"

"Utajua mwenyewe unatoa nini. Mimi nataka vitambaa safi."

Akaliweka koti juu ya meza, akatoka akijipangusa mikono. Bi Pasi alilitazama lile koti kama mtu aliyetemewa mate. Kilichomuuma zaidi ni kwamba unyoya kweli ulikuwapo. Ungekuwa uzushi angeujibu.

Alikwenda uani. Afande alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya tanki la maji, mguu mbovu ameunyoosha, Sajenti ameegemeza kichwa juu yake.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi sema. Tufanyeje?"

Afande alimpapasa mbwa shingoni. Fungu zima la manyoya likabaki kiganjani mwake. Akalitazama, akafunga kiganja, asijue aliweke wapi.

"Mungu wangu," alisema Bi Pasi, "nimeolewa na ukuta."

*

Kesho yake Afande alikwenda hospitali kuangaliwa goti, akamwacha Sajenti nyumbani. Hapo ndipo Bi Pasi alipoamua kulimaliza jambo hili kwa akili yake mwenyewe, na akili yake ilikuwa ya kidobi.

"Nyoa," alishauri kinyozi kutoka juu ya ukuta. "Shemeji, nipe huyo mbwa. Nampitishia mashine mara moja, hujui kama alikuwa na nywele."

"Afanane na wateja wako? Mapengo kila upande?"

"Wateja wangu hawalalamiki."

"Kwa sababu hawana kioo. Rudi dukani kwako."

Yeye alikuwa na jambo lingine. Kitambaa kinachotoa nyuzi unakifanyaje? Unakitia wanga, nyuzi zinalala, kitambaa kinatulia. Alikuwa amelifanya hilo kwa mapazia, kwa kola, kwa magauni ya bibi harusi. Mbwa ana tofauti gani? Naye ni nyuzi tu juu ya mwili.

Akapika wanga kwenye sufuria kubwa, akaupoza mpaka ukawa uvuguvugu, akamwita Sajenti karaini. Mbwa akaja. Mbwa aliyefundishwa kumrukia mtu mwenye panga aliingia kwenye karai la dobi kama askari anayekwenda kukaguliwa, akasimama wima huku Bi Pasi akimmiminia, akimkanda, akimlaza manyoya kutoka shingoni hadi mkiani. Kisha akamwacha juani.

Jua lilifanya kazi yake. Manyoya yalikauka yakashikana yakawa ganda. Mkia, uliokuwa umenyooka wakati wa kukauka, ulibaki umenyooka. Sajenti alipojaribu kuupunga, kiwiliwili chote cha nyuma ndicho kilichokwenda nao.

Kinyozi alikuwa amerudi ukutani, sasa pamoja na mteja aliyepakwa sabuni nusu ya kidevu.

"Shemeji," alisema kwa upole mkubwa, "hapa bado kumpiga pasi tu."

"Nitakupiga wewe!"

Lakini kwa muda wa mchana ule, kweli, hakuna unyoya uliopaa. Bi Pasi alifagia akakuta sakafu safi. Akajisikia mshindi.

Kabla jua halijashuka, mbwa alianza kujikuna. Alijikuna ubavuni, akajisugua ukutani, akajiviringisha kwenye saruji akilia kwa sauti nyembamba. Ganda lilipasuka, likaanza kudondoka, na kila kipande kilichodondoka kilibeba manyoya, tena si unyoya mmoja mmoja bali vibamba, vikisagika kuwa vumbi jeupe lililopanda mpaka kwenye kamba za mashuka. Chini ya vibamba vile ngozi ilikuwa nyekundu.

Afande alirudi wakati huohuo. Alisimama mlangoni. Alimtazama mbwa, akaitazama sufuria yenye wanga uliogandia pembeni, akamtazama mke wake. Bi Pasi alijiandaa. Alikuwa na majibu yake yote mdomoni, makali, yamepangwa.

Afande alivua shati, akajaza karai maji, akapiga goti lile zima, lile bovu akilivuta kando kwa mkono, akaanza kumwosha Sajenti kwa viganja. Alimwosha polepole, maji juu ya maji.

"Sema basi!" Bi Pasi alifoka. "Nitukane! Niite mjinga! Nimemtia mbwa wako wanga, si unaona?"

Maji tu yakimwagika. Bi Pasi aliyaangua mashuka yaliyoingia vumbi, akayafua upya bombani, akiyapiga jiweni kana kwamba yana kosa.

*

Kesho yake Bi Pasi alimpeleka Sajenti kwa daktari wa mifugo, mwenye chumba nyuma ya duka la dawa za wanyama. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa binti yake, mikono ya koti imekunjwa, jeraha la meno ya paka kidoleni. Alimwamkia Bi Pasi, akampandisha Sajenti mezani, akamfunua manyoya mahali mahali, akanusa.

"Mama, nimeshaletewa mbwa aliyepakwa oili ya gari. Nimeletewa aliyepakwa majivu. Wa wanga wewe ndiye wa kwanza."

"Cheka kama unataka kucheka."

"Nikianza sitamaliza." Akaendelea kutazama. "Hana viroboto. Hana upele. Hana mahali palipobaki bila manyoya; angekuwa napo, hilo lingekuwa jambo jingine. Ngozi imekereka tu, nitakupa dawa ya kumpaka. Kumwaga manyoya si ugonjwa. Anabadilisha koti, wiki chache, halafu anatulia mpaka majira yageuke tena."

"Mimi sina wiki chache. Nikimnyoa?"

"Ukimnyoa yatatoka mafupi badala ya marefu, na mafupi yanachoma kitambaa kama sindano, hayatoki hata ukiyaombea. Na jua litamuunguza. Hilo koti la juu ndilo kivuli chake."

"Kwa hiyo hakuna dawa."

"Dawa ni mkono." Daktari alichukua kitana cha chuma chenye meno marefu yaliyoachana. "Kila siku, nje, mbali na nguo zako. Unayagawa manyoya kwa mstari, unachana kutoka kwenye shina kwenda nje, sehemu ndogo ndogo, bila kukwaruza ngozi. Halafu brashi juu yake. Ngozi ikipona, mwogeshe kwa sabuni ya mbwa, si ya nguo, usuuze mpaka maji yatoke safi, umkaushe vizuri, umchane tena. Maji yanalegeza yale ya ndani, utashangaa yatakavyotoka. Manyoya yatatoka, mama, upende usipende. Unachoweza kuchagua ni yatokee wapi."

Bi Pasi alirudi nyumbani na mbwa mkono mmoja, kitana na brashi mkono wa pili, na hasira kila mahali. Mkono! Dunia nzima dawa yake ni mkono, na mkono huo siku zote ni wa mtu aliyechoka tayari. Wake ulikuwa umejaa. Asubuhi ulikuwa kwenye sabuni, mchana kwenye maji, jioni kwenye pasi. Alipokuwa akivuka barabara kuu aliwaza mikono yote iliyo nyumbani kwake, na akakumbuka kwamba ilikuwa minne.

Afande alikuwa kwenye kigoda chake. Bi Pasi alimtupia kitana na brashi mapajani.

"Kazi yako hiyo."

Afande alivitazama vile vitu. "Goti..."

"Goti halichani mbwa! Mikono inachana. Mikono yako ina nini?"

"Mama..."

"Mimi si mama yako, wala si mama wa huyu. Nimekuwa mke, nimekuwa dobi, nimekuwa mlango wa nyumba hii na paa lake, sasa mnataka niwe kinyozi wa mbwa pia! Kampuni ilikuachisha kazi ya ulinzi, Afande. Haikukuachisha mikono. Hiyo umejiachisha mwenyewe!"

Neno lilitoka likiwa limekwisha kuchelewa kurudishwa. Bi Pasi alilisikia likitua. Afande aliinamisha kichwa, na kwa muda alionekana mdogo ndani ya shati lake. Kisha akakishika kitana, akakigeuza geuza, akajaribu meno yake kwenye ngozi ya mkono wake mwenyewe aone kama yanaumiza. Akamvuta Sajenti karibu, akagawa mstari wa kwanza kwenye paja.

*

Kuanzia hapo nyumba ile ilipata sheria, na sheria zote alizitunga Bi Pasi kwa sauti ya kufoka.

Kuchana ni nyuma ya tanki la maji, kwenye pembe ambayo upepo unatoka nyumbani kwenda nje, si kinyume. Afande anavaa koti lake la zamani la ulinzi, na koti hilo halivuki mlango. Linakaa kwenye msumari hukohuko. Manyoya yanaingia mfukoni palepale, mfuko unafungwa. Sajenti haingii chumba cha mbele hata nyumba ikiungua. Feni haiwashwi nguo zikiwa mezani, na ukisikia joto, sikia. Mlango wa uani ukapata pazia la shuka lililoloweshwa maji, kwa sababu unyoya unaopaa ukigusa kitu kibichi unanasa. Na kila kitambaa, kabla ya pasi, kilipanguswa kwa glovu ya mpira yenye unyevu. Ukiivuta upande mmoja, nyuzi na manyoya yote yanajikusanya kuwa mkia mdogo unaouokota kwa vidole.

Afande alichana. Siku ya kwanza mfuko ulijaa, na mbwa hakuonekana kupungua. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Alichana mapaja, ambako yalikuwa mazito zaidi, kisha shingo, kisha chini ya mkia ambako Sajenti alijifanya anakumbuka kazi nyingine. Ngozi ilipotulia alimwogesha kwa sabuni ya daktari, akamkausha kwa taulo, akachana tena, na safari hii yalitoka kama mtu anayefumua godoro.

"Afande," aliita kinyozi ukutani, "ukipata mengine kama hayo nishonee mto."

"Lete kitambaa," alijibu Afande.

Bi Pasi, ndani, alisimamisha pasi hewani. Yalikuwa maneno mawili tu, na aliyeambiwa alikuwa mtu, si mbwa. Akashusha pasi upesi kabla kitambaa hakijaungua, akajikasirikia kwa kusikiliza.

*

Jumamosi alivipeleka vitambaa mwenyewe, yeye na dereva. Hakutaka mtu mwingine avishike. Meneja aliwapokea kwenye stoo ya nyuma ya jikoni, wahudumu wakipita na sahani. Aliwasha taa ya mezani, akafunua kitambaa cha kwanza chini yake. Akafunua cha pili. Akachomoa kimoja kutoka katikati ya furushi, kwa ujanja, akakigeuza nyuma na mbele. Akakipitisha karibu na uso kama anayetafuta harufu.

Hakukuwa na kitu. Vilikuwa vyeupe na vimenyooka, na pembe zao zilikata.

"Vizuri," alisema. "Unaona? Mtu akiambiwa anaweza." Akazima taa. "Mbwa mmempeleka wapi?"

"Yupo nyumbani."

Meneja aligeuka. "Si nilisema atoke?"

"Ulisema unataka vitambaa safi. Hivyo hapo. Tafuta unyoya, nakusubiri."

"Mama, hilo si suala la unyoya tena. Mimi nina wakubwa zangu. Wamesikia kwamba nguo zetu zinafuliwa kwenye ua wa mbwa. Leo hakuna unyoya, kesho utakuwapo. Halafu..." Akapunguza sauti, kama anayemfanyia wema. "Nikueleweshe tu kama mwanao. Pale kwako pana picha mbaya. Dereva anasema mtu akija anamkuta mbwa mzee na yule mzee mwenyewe wameketi tu, wanatazama. Inatia unyonge. Wasafishe pale. Wapeleke hata kijijini."

Wahudumu wawili walisimama na sahani zao.

Bi Pasi alihisi joto likipanda kutoka miguuni. Kwa kawaida hasira yake ilitoka na kelele. Hii ilikuja bila kelele, na yeye mwenyewe ilimtisha.

"Umesema wapelekwe," alisema. "Umesema wote wawili."

"Mama, usinielewe vibaya..."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nimekuelewa vizuri kuliko unavyojielewa. Hoteli hii inalala usingizi kwa sababu kuna mtu amekesha langoni. Nenda kamtazame pale nje, anasimama kwa miguu yake miwili. Siku mguu mmoja ukivunjika utasema anatia unyonge. Nimefua mashuka yako. Najua wageni wako wanafanya nini juu yake, na sijawahi kulalamika kwamba yanatia unyonge. Nimefua makoti ya hawa watoto yaliyolowa jasho mpaka mgongoni, na hukuwahi kuniuliza hilo jasho ni la nini. Wewe kinachokukera ni unyoya wa mbwa!"

"Punguza sauti, kuna wageni."

"Waje! Waje wasikie!" Sasa kelele zilikuwa zimefika. "Mbwa yule mimi ninamtukana asubuhi na jioni. Mzee yule mimi nimemsema mpaka nimeishiwa maneno. Ni wangu wa kuwasema mimi. Wewe hujawahi kuwapa hata maji. Kazi ya leo nimeimaliza, hiyo hapo, safi, itandike harusi ipendeze. Ya kesho mtafute ambaye hana mtu nyumbani."

Akatoka kupitia jikoni. Mhudumu mmoja alimfungulia mlango kwa kiwiko, akainamisha kichwa kidogo.

Hasira ilimvusha barabara kuu. Upande wa pili ilianza kumwachia, na hofu ikaingia mahali pake. Kazi ya hoteli ilikuwa nusu ya mafurushi ya rafuni. Ilikuwa zaidi ya nusu. Alipinda kona ya mtaa wao akiwa anahesabu majirani wanaofuliwa na wanaojifulia, na hesabu haikumpendeza.

Afande alikuwa nyuma ya tanki, koti la ulinzi mwilini, akichana shingo ya Sajenti.

"Nimewaachia hoteli yao," alisema Bi Pasi.

Kitana kilisimama. "Umewaachia nini?"

"Kazi. Nimeiacha. Walisema mbwa atoke hata kama vitambaa ni safi. Nikasema hatoki."

Mengine, yale ya mzee anayetia unyonge, aliyameza. Asingemwambia kamwe.

Afande alisimama. Alisimama bila kutafuta ukuta wa kushikilia, manyoya yakimdondoka mapajani.

"Bila kuniuliza?"

"Nikuulize wewe? Tangu lini unajibu?"

"Bila kuniuliza!" Sauti ilipiga bati la choo ikarudi. "Mimi ninakaa hapa ninachana mbwa mpaka vidole vinakufa, ili kazi isiende, halafu wewe unakwenda kuitupa? Tutakula nini? Tutakula manyoya? Yapo, mifuko mizima, twende tukayapike!"

"Utakula jeuri yako! Kesho utabeba kikapu, upite mlango kwa mlango uombe nguo za kufua!"

"Mimi? Na goti hili?"

"Na goti hilohilo!"

"Sipiti mlango wa mtu yeyote! Nimesimama kwenye milango ya watu maisha yangu yote, nimechoka na milango!"

"Basi utapiga pasi!"

"Pasi nitapiga! Unadhani sijui kupiga pasi? Nani alikuwa ananyoosha sare yake kila jioni kabla ya zamu, wewe?"

"Ndiyo, mimi!"

"Uongo! Mwongo mkubwa wewe!"

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kinyozi ilizimwa, na hakuna aliyejifanya hasikilizi. Sajenti alikuwa amesimama katikati yao, masikio wima, akimtazama huyu na kumtazama yule. Afande alikuwa amenyoosha kidole, mshipa umesimama shingoni, na sauti ile nene ilikuwa inatoka yote, inajaza ua, inavuka paa, sauti ambayo Bi Pasi alikuwa amesimama mara ngapi nyuma ya mlango na nguo zinazochuruzika akiitafuta.

Hofu ya kesho ilikuwa bado kifuani mwake. Hasira nayo ilikuwapo, nyingi. Akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi, akamjibu kwa sauti kubwa kuliko yake, tusi juu ya tusi, upesi upesi, ili Afande asije akanyamaza tena.